Mteja wa kucha hagombi, anahama tu: nimewapigia simu wateja wangu waliopotea hapa Dodoma

#1 binti_makole (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Huu uzi utakuwa mrefu, naombeni mnivumilie maana hili jambo nimekaa nalo mwezi mzima na najua kuna dada mwenzangu mahali litamsaidia.

Mimi ni fundi kucha, nipo Makole, mwaka wa nne sasa. Nilianza na kimeza kwenye saluni ya nywele ya watu nalipia kwa wiki, baadae nikapata fremu ndogo, leo tuko watatu, mimi na wadogo zangu wawili wa kazi. Bei zangu za kawaida tu, jeli (rangi inayokaushwa kwenye taa) juu ya kucha yako mwenyewe elfu 15, tipsi (ncha za kubandika) na jeli elfu 25, akriliki (kucha ya bandia ya unga) elfu 35, miguu kusugua na kupaka elfu 20. Kazi naijua, hilo nalisema kwa uhakika, picha nikirusha status watu wanaulizia.

Sasa mnaoishi Dodoma mnajua mji wetu unavyoenda. Bunge la bajeti likianza April mpaka mwisho wa June mji unajaa, gesti zimejaa, bajaji unagombania, na sisi wa kucha chakula cha mchana tunakula saa 11 jioni. Halafu July inaingia, upepo, vumbi, baridi la asubuhi, na kimya. Kila mwaka nilikuwa nasema ndio msimu ulivyo, nasubiri. Mwaka huu July nikachukua daftari langu la wateja, huwa naandika jina, namba, kazi aliyofanya, rangi na tarehe, nikaanza kulipitia ukurasa kwa ukurasa na nilichokikuta kikaninyima usingizi. Waliopotea sio wageni wa Bunge. Ni watu wa hapa hapa, wa Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Area C, watu wa ofisi za serikali za Mtumba ambao July wapo na August wapo. Kaja mara moja, mara mbili, basi, jina halionekani tena.

Na kucha haimfichi mtu. Inaota kama milimita 3 kwa mwezi, kwahiyo aliyeweka akriliki ikifika wiki ya tatu pale chini kumeshaacha uwazi, lazima akajazie mahali. Kwahiyo yule dada hajaacha kucha, kaniacha mimi.

Nikaamua kupiga simu. Sio meseji ya ofa, simu kabisa, jioni wakati watu wametoka kazini. Nasalimia, najitambulisha, halafu namwambia dada sikupigii nikuuzie kitu, nimeona muda mrefu hujaja, nisaidie tu kuniambia ulipokuja mara ya mwisho kitu gani hakikukaa sawa ili nirekebishe. Karibu wote jibu la kwanza ni moja, "hapana jamani, nilikuwa bize tu". Mnatujua sisi wabongo, mtu hawezi kukwambia ubaya wako hivi hivi. Nilichojifunza ni kunyamaza hapo. Usijitetee, usijaze maneno. Ukinyamaza kidogo inakuja "ila..." na kwenye hiyo ila ndio nimepata shule yangu yote.

Nilidhani wataniambia bei. Nawaapia, bei alitaja mmoja tu, na yeye hakulalamikia ukubwa wake, alilalamika kwamba alikaa akijua elfu 25 wakati wa kulipa akaambiwa 32 kwa sababu ya urefu na michoro ya kucha mbili. Alikuwa na elfu 30 kwenye simu. Akaomba kudaiwa elfu 2 mbele za watu. Hajarudi tena, na nikamwelewa kabisa. Toka siku hiyo bei inasemwa kabla sijashika faili, na akiongeza kitu katikati ya kazi nasimama nasema hii inaongeza buku 3, tuendelee?

Aliyeniuma zaidi ni mama mmoja wa Ilazo. Mama wa makamo, mpole sana. Kucha yake ya kidole cha pete iling'oka siku ya nne. Nikamuuliza mama kwanini hukurudi nikurekebishie, akasema "niliona aibu mwanangu, nikahisi utasema nimeenda kufua". Yaani kosa ni la kwangu halafu aibu kaibeba yeye! Maana mimi najua kucha ikinyanyuka siku ya nne mara nyingi ni maandalizi, sio kufua. Ukiacha ule utando wa ngozi umegandia juu ya kucha, ukaacha mafuta, vumbi la faili halijafutwa, jeli haishiki. Na kulikuwa na kosa lingine nilikuwa nalifanya miaka yote bila kujua, mteja akitaka kuoshwa mikono na kupakwa jeli nilikuwa naloweka kwanza. Kucha inakunywa maji inatanuka, unapaka, ikikauka inarudi inasinyaa na rangi inaachia. Siku hizi jeli kwanza, maji baadae, au nasafisha kavu kabisa. Na huku kwetu na hili vumbi nikishafuta kwa spiriti mlango unafungwa mpaka bezi, ule mpako wa kwanza, ikauke kwenye taa.

Kingine wengi walisema simu. Kwamba namshika mtu mkono huku nimebana simu begani naongea na mteja mwingine. Mimi nilikuwa naona ndio kuchangamkia biashara, yeye anaona amelipa hela yake anasikiliza habari za mtu mwingine saa nzima na nusu.

Na muda. Hili toka treni ya SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024 limekuwa kubwa. Ijumaa watu wanatengeneza kucha wakawahi treni ya kwenda Dar kwenye sherehe zao, mtu anakwambia natakiwa nitoke saa 9 kamili, mimi nasema usijali dada, saa 9 na nusu bado namalizia mkono wa kushoto. Dada mmoja aliondoka na vidole vitatu havina topu koti, ule mpako wa mwisho wa juu, na alikuwa anasimamia harusi ya mdogo wake. Treni haikusubiri wala yeye hakunisubiri mimi. Sasa hivi Ijumaa nauliza una safari? Kama anayo nahesabu kutoka saa ya treni kurudi nyuma, na kama muda hautoshi akriliki namwambia tufanye jeli fupi tu. Hela inapungua siku hiyo lakini anafika na kucha zimekamilika.

La mwisho naliandika kwa uzito kidogo. Umbea. Kwenye kucha mnakaa mmeshikana mikono saa nzima, mtu anaongea vitu hata nyumbani haongei. Mteja wangu mmoja alisema habari ya uhamisho ofisini kwao, msichana wangu akaja kuisema kwa mteja mwingine bila nia mbaya, kumbe wanafanya kazi jengo moja. Nilipoteza watu wanne wa ofisi ile ndani ya mwezi. Dodoma inaonekana kubwa ila ofisi zinajuana. Nilikaa na wadogo zangu tukaelewana, jina la mteja halitajwi mezani kwa mteja mwingine hata kwa sifa nzuri.

Nimeandika sana. Mwenye uzoefu, fundi au mteja, karibu aongeze.

#2 mzabibu

Mleta uzi umeandika vizuri sana. Mimi nina saluni Nkuhungu, kucha na nywele. Nauliza, umejaribu zile kadi za kugongwa muhuri, ukija mara tano ya sita bure? Nimeona wengi wanasema ndio zinaleta uaminifu.

#3 binti_makole

Mkuu nilishajaribu mwaka wa pili. Uzoefu wangu, kadi walizijaza wale wale waliokuwa wanakuja hata bila kadi, na wengine wakiipoteza inakuwa ugomvi, "nilishafika nne mimi". Sikuona aliyepotea akirudishwa na kadi. Nilichofanya badala yake, kila mteja wa kudumu ana bahasha yake ya kaki imeandikwa jina, ndani kuna faili lake na bafa lake la kung'arishia, hakuna mwingine anaguswa nalo. Faili jipya nanunua kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kazi. Akifika tu navuta bahasha yake mbele ya macho yake. Kuna dada muuguzi aliniambia hicho ndio kilimfanya ahamie kwangu moja kwa moja, maana yeye anajua virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye kifaa siku 7 bado vina nguvu, na sisi tunakata ngozi, damu inatoka mara nyingi tu. Vyuma naviosha kwa sabuni na brashi kwanza, nafuta, ndio naloweka kwenye dawa, na nafanya hapo hapo mteja anaona, sio nyuma ya pazia. Wengi wanatumbukiza kwenye dawa kitu kina uchafu bado, hapo dawa haifiki.

#4 mteja_wa_nzuguni

Mimi sio fundi, ni mteja, naomba niseme la moyoni. Nilikuwa na fundi wangu wa kucha hapa mjini miaka miwili, kila baada ya wiki tatu naenda Jumamosi saa 4. Nimempelekea dada zangu, nimempelekea wenzangu wa chuo. April moja nimefika saa 4 yangu kuna watu wamekaa, wageni, wamependeza, na bei imepanda kwa elfu 10. Nikaambiwa dada subiri kidogo hawa wana haraka. Nikakaa mpaka saa 7. Halafu nikalipa hiyo bei mpya. Sikusema kitu, nikashukuru nikaondoka. Baada ya Bunge kuisha ananitumia meseji mpenzi umepotea, nina ofa. Nilijisikia vibaya sana kuona nakumbukwa July. Mleta uzi hujaligusa hili na mimi nadhani hapa Dodoma ndio kubwa kuliko yote.

#5 binti_makole

Dada yangu wa Nzuguni nimesoma hii nikaweka simu chini kwanza. Sikuligusa kwa sababu kwenye simu zangu hakuna aliyelisema wazi, ila sasa nikiangalia daftari, tarehe za mwisho za wengi ni March na April. Nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Sio wewe niliyekufanyia lakini nimewafanyia wengine, napandisha bei msimu wa Bunge na mtu wangu wa mwaka mzima anakaa benchi. Naomba radhi kwa niaba yangu mwenyewe kwa yeyote aliyepitia kwangu akasoma hapa.

Nimeshaamua hapa hapa. Jumamosi kuanzia asubuhi mpaka saa 8 mchana ni ya walio kwenye daftari, mgeni atapata baada ya hapo au katikati ya wiki. Na bei ya aliye kwenye daftari haipandi April. Mgeni analipa hiyo hiyo, bei moja ukutani. Nikihitaji kupandisha nitapandisha January kwa wote na nitawaambia mwezi mmoja kabla.

#6 fundi_wa_hosteli

Mimi nasoma UDOM, nafanya kucha hosteli, wateja wangu ni wanafunzi wenzangu mwenye nyingi ana elfu 10. Nikitumia vifaa vya bei ya juu sipati kitu. Kuna unga wa akriliki nimeuona sokoni bei chee na unakuwa mgumu balaa, wanasema hauvunjiki. Nikiwapa kucha zisizovunjika si ndio watarudi? Na swali la pili, wanapiga kelele kwenye taa kwamba inaunguza, nawaambia vumilia.

#7 binti_makole

Mdogo wangu nakuomba huo unga uuache. Akriliki ngumu kupita kiasi ya bei ya chini ndio mara nyingi ina MMA, kemikali ambayo Marekani walishaanza kuifuatilia na kuitoa sokoni tangu miaka ya 1970 kwa sababu ya kuumiza kucha na mzio. Utaijua, harufu inachoma mpaka machoni, faili linateleza halikati, ukiloweka kwenye asetoni haitaki kuyeyuka. Na huo ugumu wanaousifia ndio shida yenyewe, mtu akigonga mlango wa bajaji kucha ya bandia haivunjiki, inang'oka na kucha yake ya asili. Huyo harudi, na hosteli nzima itajua jioni hiyo hiyo. Tafuta iliyoandikwa EMA, ndio kemikali inayotumika badala ya MMA.

Na kwenye taa usimwambie mtu vumilia kabisa. Jeli ikipakwa nene inakauka yote kwa pamoja inatoa joto, anaungua kweli, hajidekezi. Paka nyembamba mara mbili tatu, na mwambie kabla hajaingiza mkono, ukisikia moto toa, hesabu mpaka tano, rudisha. Hilo neno tu "ukisikia moto toa mkono" limenirudishia watu. Mmoja kati ya niliowapigia aliniambia alitoka kwangu anasikia vidole vinawaka na mimi nilikuwa nacheka na wenzangu.

Kwa bajeti ya wanafunzi, elfu 10 fanya jeli safi ya kucha fupi yenye mwisho mzuri, usimpe akriliki mbaya. Kucha fupi ikitunzwa inapendeza, na atakukumbuka akianza kazi.

Kingine, jeli isiguse ngozi. Ikigusa futa kabla ya taa. Mzio wa jeli ukishampata mtu hautoki kirahisi, anawashwa vidole kila akipaka. Akikwambia anawashwa mtoe jeli, mpumzishe, na usimfunike na rangi nyingine ili upate hela ya siku hiyo. Na ukiona kucha imekuwa kijani chini ya tipsi hao ni bakteria wa unyevu ulionaswa pale iliponyanyuka, usifunike pia, mwambie ukweli, na ikizidi aende hospitali. Mimi nimemrudisha mtu nyumbani bila kumfanyia kitu na bila kumchaji, akarudi baada ya mwezi na dada yake.

#8 mdau_wa_kikuyu

Hapo kwenye kemikali, kuna wateja wanauliza habari ya kemikali ya TPO wameona mtandaoni kwamba Ulaya wamepiga marufuku jeli. Unawajibu nini?

#9 binti_makole

Nawajibu kilichopo. Ulaya wamepiga marufuku hicho kiambato kwenye vipodozi vya kucha kuanzia 1 September 2025, sio jeli zote, ni zile zenye hicho kitu kinachosaidia kukauka kwenye taa. Nimepitia chupa zangu zote nasoma lebo, zenye TPO nimeacha kuagiza. Mteja akiuliza nampa chupa asome mwenyewe. Na nikinunua naangalia tarehe ya mwisho wa matumizi kama imechapwa au imebandikwa juu juu, vipodozi siku hizi viko chini ya TBS, shirika la viwango, toka 2019, ukiwa na mashaka na bidhaa pa kuuliza papo. Mteja anayeuliza maswali haya msimuone msumbufu, huyo ukimjibu vizuri hatoki.

#10 ukhti_changombe

Asalaam alaykum. Naomba na mimi niseme kwa upande wetu. Sisi tunaoswali rangi inazuia maji ya udhu kufika kwenye kucha, kwahiyo muda mwingi sipaki. Nikienda saluni nikasema nataka kusafishwa tu, kukatwa na kung'arishwa, fundi anapoa, naonekana sio mteja. Nawekwa mwisho. Wakati mimi nina uwezo wa kuja kila wiki mbili. Na nikiwa kwenye siku zangu nataka kupaka, ila nikirudi kutoa baada ya siku tano nachajiwa kama kazi mpya.

#11 binti_makole

Waalaykum salaam ukhti. Umeongea jambo kubwa. Mimi nimelelewa na majirani Waislamu na bado kwenye kazi sikulifikiria mpaka mteja mmoja aliponieleza. Kwangu sasa anayekuja kusafishwa kavu, kupakwa mafuta na kung'arishwa kwa bafa ni elfu 8, anakaa kwenye zamu yake kama wengine. Na anayepaka akijua atatoa siku ya tano au ya sita, tukielewana mwanzo kutoa ni bure, ni asetoni kidogo na robo saa ya muda wangu, kakaa robo saa tumeongea, anaondoka kucha safi. Kwa sendofu na harusi nawatengenezea kucha za kubandika za saizi yao, wanabandika kwa ajili ya shughuli wanatoa usiku. Ila ifanye kwa uangalifu, usisage kucha ya asili sana.

Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nafunga mapema naona hakuna kazi. Mwaka huu nimemkaribisha dada mmoja anayechora hina vizuri mno, siku tatu za mwisho kuelekea Idd tulijaa mpaka nje. Hawakuwa wateja wangu wa jeli, ni wapya kabisa, na wengi wameandikwa kwenye daftari sasa.

#12 baba_wa_mapacha

Mimi ni mwanaume ila nimemfungulia mke wangu saluni ya kucha Area D. Shida yetu sio wateja, ni mafundi. Msichana unamfundisha, anakaa miezi nane, anaondoka na wateja wote. Sasa uaminifu wa mteja ni kwa saluni au kwa mkono wa fundi? Tumefikiria kuwakataza mafundi kuwa na namba za wateja.

#13 binti_makole

Kaka nitakujibu ukweli hata kama hautakufurahisha, mteja wa kucha anafuata mkono. Mimi mwenyewe nilipotoka kwenye ile saluni ya nywele nilitoka na watu wangu, sikuwaiba, walinifuata. Kukataza namba hakusaidii, wataandikiana kwenye kiganja. Nilichofanya mimi ni vitu viwili. Kwanza nawalipa kwa asilimia, kazi akifanya yeye asilimia 40 ni yake siku hiyo hiyo jioni, sio mwisho wa mwezi na hadithi. Pili, mteja mmoja anajulikana na mikono miwili. Mmoja anafanya miguu mwingine mikono, wiki nyingine tunabadilishana, na kila kitu kimeandikwa kwenye daftari la saluni, anapenda kucha fupi ya umbo la mlozi, kidole gumba cha kulia kucha yake ina ufa, hapendi kuongea akitoka kazini. Akiondoka mmoja, mteja akija bado anakuta mtu anayemjua.

Na akiondoka muage vizuri. Nilishaona bosi anamsema vibaya msichana aliyeondoka mbele ya wateja, wateja ndio wakajua alipohamia.

#14 mzabibu

Nina wasiwasi mmoja kwenye kupiga simu. Kuna watu hawapendi, na siku hizi kuna sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022. Namba alikupa kwa ajili ya miadi.

#15 binti_makole

Uko sahihi mkuu na nimebadilisha. Sasa mteja akija mara ya kwanza namuuliza, naweza kukupigia baada ya siku chache kujua kucha zinaendeleaje? Akisema hapana naandika hapana. Picha vivyo hivyo, naomba kabla, na nikipiga nahakikisha pete ya ndoa, kitambulisho cha kazi na sura havionekani kama hajataka. Kuna mteja hataki hata mkono wake uonekane mtandaoni, sababu zake anazijua yeye, na mimi sihitaji kuzijua.

Hiyo simu naipiga siku ya tano, ni dakika moja tu, kucha zote zipo? Hakuna inayokuvuta au kunasa kwenye nywele? Na nimebandika ukutani maandishi makubwa, KUCHA IKING'OKA NDANI YA SIKU 7 NJOO, HULIPI, HATUULIZI ULIFANYA NINI. Mdogo wangu wa kazi aliogopa tutafanya kazi za bure kutwa. Wiki ya kwanza walikuja watu sita, ya pili wanne, wiki hii mmoja mpaka leo. Kila aliyekuja nilikuwa naangalia imenyanyukia wapi, na nimegundua karibu zote ni gumba na kidole cha pembeni cha mkono wa kulia, ile tunayofanya mwisho tukiwa tumechoka na mteja anaangalia saa. Sasa tunaanza na hizo.

#16 mteja_wa_nzuguni

Mimi nimeridhika na majibu yako. Naomba unitumie mahali ulipo, Jumamosi saa 4 bado ninayo.

#17 binti_makole

Karibu sana dada, nimekuandikia pembeni, saa 4 yako nimeshaiandika kwa peni.

Nimerudi pia kuwapa mrejesho wa yule mama wa Ilazo. Nilimwomba aje nimfanyie upya bila malipo akakataa, akasema akija atalipa. Wiki mbili hakutokea, nikajua basi. Jumanne kaja, hakuongea mengi, kafanya jeli ya rangi ya zabibu, kalipa elfu 15 yake akaondoka. Siku ya tano nimempigia akasema zipo zote mwanangu. Leo asubuhi siku ya sita napokea meseji yake, "Mwanangu gumba la kulia limenyanyuka kidogo, nije saa ngapi?"

Nimemwambia saa 10. Sasa hivi ni saa 10 kasoro robo na bajaji imesimama nje, nitarudi usiku kujibu wengine.